Sahani ya Bwana Hewa

Banda la video, nyuma ya stendi
2 Februari

Kidole, mdogo wangu wa pekee,

Anayekuandikia hapa ni mtu ambaye hata paka wa mtaa huu wanamjua kwa sauti. Nikikohoa tu kwenye maiki, watu wanageuza shingo. Huku siitwi tena lile jina la nyumbani, huku naitwa Spika, na usidhani ni kama yule wa bungeni. Yule analipwa kunyamazisha watu, mimi nalipwa kuwasemea.

Kazi yangu nilikueleza nusu nusu, leo nakumalizia. Filamu zinakuja hapa kutoka kila kona ya dunia, na humo ndani kila mtu anabwata kwa lugha ya kwao. Mimi nakaa pembeni mwa televisheni na maiki, nawatia sauti kwa Kiswahili. Wote wanaishi humu mdomoni mwangu: polisi, jambazi, bibi harusi, mpaka mbwa. Kuhusu lugha zenyewe usiniulize. Shule niliishia pale unapopajua. Lakini mtu akimkunja mwenzake shati, unahitaji cheti gani kujua anasema nini?

Nimetembea, Kidole. Nimeona bandari, nimeona majengo ambayo ukiyatazama juu kofia inaanguka, nimeona theluji kwa macho yangu haya. Ilikuwa ndani ya friji la kiwanda cha samaki, lakini theluji ni theluji.

Sasa dereva wa mizigo anayetubebea barua ananiambia umemaliza ile katuni yako ya wanasesere, na kwamba humo ndani hakuna hata mmoja anayefungua mdomo. Filamu nzima, watu bubu? Nitumie. Mtaalamu wa filamu katika ukoo huu ni mmoja, na ana sauti nzuri pia.

Kuja nyumbani nakuja. Ila siji na mfuko wa plastiki kama mtu aliyefukuzwa. Nakuja na gari, nipige honi pale kwenye kona, Mama atoke na mwiko mkononi aulize ni waziri gani huyo.

Najua unamsomea barua zangu, basi lile neno langu la kila barua msomee taratibu. Mwambie Mama aniwekee chakula, niko njiani.

Kaka yako,
Spika


Nyumbani
19 Februari

Kaka,

Barua yako nimemsomea Mama mara mbili. Pale kwenye theluji alicheka mpaka akashika ukuta. Mama hajambo.

Filamu iko kwenye flashi, nimeishonea ndani ya pindo la hilo shati nililokutumia pamoja na barua. Usilivae kabla hujaitoa. Ni fupi, inaisha kabla chai haijapoa, ingawa mimi imenilia likizo zangu zote. Siku za kazi nashona sare kiwandani kama kawaida. Siku za mapumziko nafunga simu kwenye mguu wa meza iliyopinduliwa, nafunga na dirisha ili mwanga usinichezee.

Wanasesere wana waya ndani na sufu juu. Namsogeza mmoja mkono, chini ya upana wa ukucha, napiga picha. Namsogeza tena, napiga tena. Akifikisha kijiko mdomoni, siku yangu imekwisha. Ukiona sufu inatetema mwilini mwake hata akiwa ametulia, siyo upepo. Ni mimi. Kila nilipomshika nimeacha alama ya vidole, na sikutaka kuzifuta.

Haina maneno kwa sababu kuna mambo nimekatazwa kuyasema. Usiniulize na nani.

Itazame peke yako kwanza. Maiki weka mbali. Usiiongezee chochote. Ukimaliza niandikie jambo moja tu: umeona nini.

Mdogo wako,
Kidole


Banda la video
11 Machi

Kidole,

Kaa chini kabla hujasoma. Umekaa? Umekuwa maarufu.

Flashi ilifika Jumamosi, banda limejaa, na ile filamu ya ngumi niliyoitangaza tangu asubuhi ikagoma katikati. Watu wakaanza kupiga benchi kwa viatu. Nikachana pindo la shati kwa meno, nikachomeka ya kwako. Ndiyo, uliniambia niitazame peke yangu. Lakini mimi na filamu tukibaki wawili tutaambiana nini?

Mwanzo walinyamaza. Ukweli nakwambia, banda zima kimya, na lile ni banda ambalo watu wanapiga soga hata staringi akizikwa. Yule bibi wa sufu anaingia jikoni, anapuliza moto, anapakua. Sahani moja, mbili, tatu. Na ndani wapo wawili tu, yeye na binti mmoja. Ya tatu anaiweka mbele ya stuli tupu, anaifunika kwa sahani nyingine. Wanakula. Asubuhi anafunua, anakula kile kiporo baridi mwenyewe, polepole. Jioni anapakua tena tatu. Hata stuli yenyewe ni ile yangu ya hapo nyumbani, yenye mguu mfupi, nimeijua mara moja. Umeiiga vizuri. Stuli yangu imeingia kwenye filamu kabla yangu.

Kimya kikazidi. Nikaona hapa watu watalala au watalia, na kote sipati kitu. Nikashika maiki.

"Wapenzi watazamaji, bibi huyu mnayemuona ana siri. Kwenye stuli ameketi mpenzi wake, anaitwa Bwana Hewa. Bwana Hewa hanywi, hali, hachangii hata chumvi, lakini kila jioni anapakuliwa mnofu."

Kidole, banda lilipasuka. Bibi nikampa sauti nyembamba ya kudeka: "Kula basi, mbona unanikondea?" Na Bwana Hewa nikampa sauti yangu mwenyewe, nzito, ya mwanamume aliyeshiba: "Niko njiani, mpenzi, niko njiani." Mtu mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Siongezi.

Kasoro zako nimekufichia. Yale macho ya vifungo, mwanzo meusi, katikati ya kijivu, mwisho meupe kabisa. Nadhani vifungo viliisha dukani. Usijali, nimewaambia bibi amejipaka poda mpaka machoni ili kumfurahisha bwana. Na pale mwishoni anapomimina mchuzi nje ya sahani, ukasahau kurekebisha, nimesema mkono unatetemeka kwa mapenzi. Hakuna aliyegundua.

Fundi simu wa jirani ameirekodi na sauti yangu na anawawekea watu kwenye simu zao. Mtaani sasa mtu akichelewa kazini anaitwa Bwana Hewa. Imefika hadi mitaa nisiyoijua.

Umeniuliza nimeona nini. Nimeona watu wazima wakicheka mpaka wanashikana mabega. Unataka nini tena?

Mwambie Mama aniwekee chakula, niko njiani.

Kaka yako na mdhamini wako,
Spika


Nyumbani
27 Machi

Kaka,

Barua yako sikumsomea Mama. Nilimwambia umeandika kwa haraka, unamsalimia, na kwamba umesema akuwekee chakula.

Umenieleza watu waliona nini. Wewe hukuniambia umeona nini.

Vifungo havikuisha dukani. Mchuzi sikuusahau. Ule ni uzi wa sufu niliouchambua kwa sindano, na kuumwaga nje ya sahani kulinichosha kuliko kitu kingine chochote humo ndani.

Kulikuwa na onyesho la filamu fupi zisizo na maneno, za watu wanaotengeneza kwa mikono kama mimi. Walikuwa wameichagua yangu. Sikukwambia kwa sababu nilitaka uione kwanza. Wameniandikia kwamba wamekwisha kuiona kwenye simu, ile ya kuchekesha, na kwamba hawapokei vichekesho vya kutiwa sauti. Nimewajibu asante. Hilo nimelimeza.

Ila nakuomba hili. Itazame tena. Zima maiki, toa watu, funga mlango. Itazame mpaka pale macho yanapokuwa meupe. Halafu tafuta gari la kuja huku, lolote, hata lori la mkaa. Zaidi ya hapo siwezi kusema. Nimeapishwa.

Mdogo wako


Banda la video
15 Aprili

Dada msomi,

Nimesoma. Kisha nikageuza karatasi nikidhani labda shukrani ziko upande wa nyuma.

Muda wote huo unasogeza vidoli jikoni, nani alikujua? Nimekutoa mafichoni, nimekupa mtaa mzima, sasa naambiwa nimeharibu. Haya. Nikwambie kuhusu kimya chako. Kila jioni mbele yangu wanakaa watu waliobeba magunia tangu alfajiri, wamefokewa na bosi, wamefokewa na askari, wengine hata chakula cha mchana hawakukiona. Hawakuja hapa kuletewa kimya. Kimya wanacho kwao, kimejaa chumba kizima. Nikiwachekesha wanaondoka wamenyooka mgongo. Hiyo ndiyo kazi yangu na sioni aibu.

Wewe ulibaki nyumbani ukasoma mpaka ukamaliza. Mimi baada ya Baba kufariki nilitoka ili sahani zipungue. Hilo hakuna aliyelitengenezea katuni.

Na hilo lori la mkaa ulilonichagulia. Nishuke juu ya magunia, mweusi mpaka kope, majirani wamesimama wanaangalia mtoto wa Mama amerudi kama kuni iliyoungua? Nina mambo hapa. Bati linavuja juu ya televisheni, mwenye banda anatafuta mtu mwenye sauti changa, anadhani sijamsikia. Yakinyooka nitakuja kama mtu. Yasiponyooka siji.

Umeapishwa na nani? Kama kuna neno, liseme. Kama hakuna, niache mimi niseme.

Msalimie Mama.

Spika


Nyumbani
2 Mei

Kaka,

Barua yako nilimsomea Mama nikirukaruka, na pale palipokuwa pabaya nikaweka maneno mazuri ya kwangu. Nami nimekuwa mtia sauti. Nilipofika mwisho akasema, "Endelea."

Nikamwambia imeisha.

"Haijaisha. Hajasema nimwekee chakula."

Nikamjibu labda karatasi ilikuwa imejaa. Akakaa na mwiko mkononi, sufuria linaungua, hajui apakue ngapi.

Basi nasema. Niliapa nisiandike, na leo naandika.

Yule bibi wa sufu ni Mama. Tangu ulipoandika mara ya kwanza "mwambie Mama aniwekee chakula", anakuwekea. Kila jioni, kaka. Wewe ulitania, yeye alipokea agizo. Anapakua, anafunika, anaweka mbele ya stuli yako. Asubuhi anakula kiporo chako. Nikimwambia aache ananiuliza, "Si amesema yuko njiani? Afike akute sufuria tupu?"

Na macho. Ni presha ya macho. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kinafuata. Mama alinikataza nisikuandikie lolote kati ya hayo mawili. Alisema ukiitwa kwa ajili ya ugonjwa utakuja na hofu, na utakaa ukiangalia mlango. "Aje kwa hamu yake mwenyewe." Nikaona nimeapa kwa mdomo, vidole havikuapa. Nikachambua sweta lake la zamani, lile la kijani, nikamtengeneza. Nikachonga stuli yako na mguu wake mfupi ili uione ujijue. Mtu asiyejua neno moja la Kiswahili angeelewa. Wewe ukajipa jina Bwana Hewa.

Bado. Muuza maji wetu alikuja na simu akamwekea Mama ile yako. Nilitaka kuipokonya. Mama akaniinulia mkono. Picha haoni, anaona mwanga unachezacheza tu, lakini sauti anaisikia. Akasema, "Ni yeye. Sauti imenenepa." Sasa anaitaka kila siku. Pale Bwana Hewa anaposema "niko njiani", naye anasema pamoja nawe. Aliniuliza huyo bibi anayechekwa ni nani. Nikamwambia ni mwanasesere tu. "Maskini," akasema, "wanamwandama." Kisha akacheka, kwa sababu ni wewe uliyechekesha.

Nilimtengenezea filamu isiyo na neno hata moja, macho yakamzimika kabla sijamaliza. Kilichomfikia ni maneno yako. Nikisikia sauti yako inatoka kwenye ile simu, natoka nje nikasimame uani.

Bado anatofautisha mlango na dirisha. Mtu akisimama mlangoni anajua kuna mtu. Njoo hicho kilichobaki kikiwa bado kipo.

Kidole


Banda la video
20 Mei

Kidole,

Leo sina salamu.

Jumamosi niliwatangazia watu, leo Bwana Hewa bila sauti. Walidhani ni mbinu ya biashara. Nikazima maiki, nikaenda kukaa chini mbele ya televisheni, kwenye sakafu, pale wanapokaa waliokosa benchi. Wakaanza. "Spika, sema." "Spika amemeza betri." "Sema basi, tumelipa kuangalia sweta?" Mmoja akanipiga ganda la chungwa kisogoni. Sikugeuka. Wengi wakatoka wakinitukana. Wachache waliobaki wakatulia.

Uliniuliza nimeona nini. Nimeona vidole vyako. Nimetia sauti filamu za meli kuzama na miji kuungua, sijawahi kuona mtu aliyeshikwa na mwenziwe kila dakika namna ile. Sufu ya bega lake inahema. Anaenda kulala inahema. Halafu nikaona anavyofunika sahani, anavyoiminya pembeni kwa kidole gumba ahakikishe imekaa. Kidole, hata bila kuambiwa ningejua huyu ni Mama. Barua yako ilikuwa mfukoni lakini wakati ule sikuikumbuka. Niliona kidole gumba, basi.

Nyuma yangu kulikuwa na mbeba mizigo mmoja, mtu mzima, hajui sisi ni nani. Macho yalipokuwa meupe, na mchuzi ukamwagika, akauliza polepole, "Sasa huyo mtoto yuko wapi?" Hakusema mpenzi. Alisema mtoto. Alijua tangu mwanzo, nadhani wote walijua, wakaninyamazia kwa sababu wamelipa kucheka.

Nikwambie na jingine. Siku ile ya kwanza, nilipoiona stuli, nilijiona nimeikalia. Ndiyo maana niliwahi maiki.

Nakuja. Nimeshaongea na mwenye lori la mkaa. Usimwambie Mama. Nitasimama pale mlangoni nimwambie mwenyewe kwamba nimefika. Neno lenyewe nalifanyia mazoezi ninapooga. Mimi, Spika, nafanya mazoezi ya neno moja.

Ile ya chakula siiandiki. Safari hii nakuja kukila.

Kaka yako


Stendi
14 Juni

Kidole,

Najua ulinijua. Ulisimama na ndoo kwenye mlango wa uani ukaningoja nifungue mdomo, na mimi nikaangalia sakafu.

Nilikuwa na neno. Nililibeba juu ya yale magunia njia nzima, nikilitafuna ili lisianguke. Nikasimama mlangoni. Akageuza uso kwenye mwanga, akatazama hapa begani kwangu, pembeni kidogo ya pale nilipo, akasema, "Fundi wa bati tuliyemwita? Karibu, mwanangu, pita." Kwa ile sauti tunayomkaribishia mgeni. Ningesema neno moja angejua. Lakini anaijua sauti gani yangu? Ya Bwana Hewa. Nikaona nikifungua mdomo atatoka yule.

Nikakohoa. Nikakaa kwenye stuli, kwa sababu miguu yenyewe ilinipeleka huko. Akapakua tatu. Ya tatu akaileta mbele yangu, sikujua anamwekea fundi au ananiwekea mimi. Nikala. Mnaweka chumvi ileile.

Kisha muuza maji akaingia na simu yake, Mama akamwambia, "Mwashie na fundi asikie, ni mwanangu huyo." Nikajisikiliza nikimcheka mama yangu, mdomo wangu umejaa chakula chake, naye ananigeuzia uso kuona kama mgeni amefurahi. Nilivumilia mpaka kwenye "niko njiani". Aliposema pamoja nayo, nikatoka.

Banda nimeliacha, au limeniacha, andika unavyotaka. Nabeba mizigo hapa stendi. Kazi haina maiki. Wananiita Bwana Hewa, hawajui kuwa kweli ndiye mimi, wanatania tu.

Usimwambie kuwa yule fundi nilikuwa mimi. Nipe muda nitafute sauti nyingine. Mwambie Mama aniwekee chakula, niko njiani.

Kaka yako


Nyumbani
1 Julai

Kaka,

Sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba mwanao alikuja, akakaa pale unapoweza kumgusa kwa kunyoosha mkono, akashiba, akaondoka?

Nilikukasirikia kuliko siku ya vifungo. Mkono wangu ulikuwa kwenye ndoo na jina lako lilikuwa kwenye ulimi, na nikalirudisha, kwa sababu uliniomba uliseme mwenyewe. Katika nyumba hii mimi ndiye ninayenyamaza, kaka. Ningejua utaniiga siku ile moja tu, ningepiga kelele mpaka majirani waje.

Ulipotoka, Mama alinyoosha mkono akaitafuta sahani yako. Akapitisha kidole ndani yake, akazungusha. Ulikuwa umeikomba mpaka ukingoni, kama ulivyokuwa ukifanya zamani mpaka ukagombezwa.

"Fundi amepanda juu?" akauliza.

Nikasema hajapanda, kuna kifaa amesahau.

"Sawa," akasema. Akaiosha ile sahani mwenyewe, hakutaka nimsaidie, akaisimamisha ukutani ikauke. Fundi wa bati wa kweli alikuja wiki iliyofuata. Anaongea kama kasuku. Mama hakuniuliza kitu.

Muuza maji alipoleta simu tena, Mama alimwambia apeleke kwingine, leo kichwa kinauma. Tangu hapo kichwa kinamuuma kila siku ikiletwa. Mlango nao umempotea. Asubuhi ananiuliza kama kumekucha.

Barua yako ilifika jana. Sikumsomea yote. Nilimsomea ule mstari wa mwisho tu, vile ulivyo, bila kuongeza kitu: mwambie Mama aniwekee chakula, niko njiani. Alikuwa anapakua. Nikangoja nikiwa nimeshika karatasi. Akapakua ya kwangu, akaisukuma upande wangu. Akapakua ya kwake. Akafunika sufuria, akakiminya kifuniko pembeni kwa kidole gumba.

"Na ya tatu, Mama?"

"Ameshakula," akasema.

Mdogo wako,
Kidole